Dawa za presha: hatari iko wapi hasa?

Kwenye foleni za kliniki, sokoni na hata nje ya kanisa na msikiti baada ya ibada, kuna maneno yanayorudiwa kuhusu tembe za presha. Kwamba ni sumu. Kwamba zinaharibu figo. Kwamba zinamaliza nguvu za kiume, na kwamba ukizianza tu umejifunga nazo maisha. Wanaosema hivyo si wajinga. Wengi wao wamemwona jirani aliyemeza tembe kwa miaka minane kisha akaishia kwenye mashine ya kusafisha damu, na wakajumlisha mambo kama mtu yeyote angejumlisha.

Jumla yenyewe ndiyo yenye kasoro. Mara nyingi kilichoharibu figo za jirani huyo ni presha, iliyokuwa imeanza kazi yake miaka mingi kabla ya tembe ya kwanza, au iliyoendelea nayo kwa sababu tembe zilimezwa siku za maumivu ya kichwa tu. Presha kwa kawaida haiumi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulionyesha kuwa karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini ana presha ya juu, na kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa. Mtu anaweza kuishi nayo muongo mzima akilima, akiendesha boda boda, akicheza na wajukuu, na siku ya kujua anayo ikawa ndiyo siku ya kiharusi.

Hata hivyo, kumwambia mwananchi kwamba dawa hizi hazina madhara yoyote hakutoshi, na si kweli. Sheria inayosimamia dawa nchini Kenya, Sura ya 244, ni Sheria ya Famasia na Sumu, na bodi iliyoundwa chini yake inabeba neno hilo la pili katika jina lake hadi leo. Waliotunga sheria hiyo walijua walichokuwa wakikiandika. Dawa yenye nguvu ya kubadilisha mwendo wa moyo na kazi ya figo ina nguvu ya kudhuru pia. Kinachotenganisha tiba na sumu ni kipimo, ni mwili wa anayeimeza, ni dawa nyingine anazozimeza nayo, na mara chache ni kiwanda ilikotoka.

Majina ya dawa katika somo hili yameandikwa kama yanavyosomeka kwenye pakiti, ili mgonjwa aweze kuyalinganisha na yaliyo nyumbani kwake.

Enzi ambazo tiba ilikuwa sumu kweli

Hofu ya dawa za presha ina historia. Katika miaka ya 1930 na 1940, kabla ya tembe za leo kupatikana, baadhi ya madaktari wa Ulaya na Marekani waliwapa wagonjwa chumvi iitwayo thiosayaneti. Presha ilishuka, lakini kiasi cha kutibu na kiasi cha kudhuru vilikaribiana mno. Wagonjwa walichanganyikiwa akili, wengine wakavimba tezi ya shingo, wengine wakafa.

Kukosa dawa nako hakukuwa afadhali. Rais wa Marekani Franklin D. Roosevelt alihudumiwa na madaktari bora wa nchi yake, lakini tarehe 12 Aprili 1945 presha yake ilipimwa ikawa 300 kwa 190, na akafariki siku hiyo kwa kuvuja damu kwenye ubongo akiwa na umri wa miaka 63. Hapakuwa na tembe ya maana ya kumpa. Ilibidi kungoja hadi mwaka 1958 ndipo chlorothiazide, dawa ya kuongeza mkojo, ilipoanza kuuzwa. Hydrochlorothiazide, ile ambayo wagonjwa wengi huiita "dawa ya maji", ni ndugu yake wa karibu. Leo mgonjwa katika zahanati ya kijijini anaweza kupata tiba ambayo rais huyo hakuweza kuipata.

Mwaka 2018: uchafu ndani ya pakiti

Kisa cha karibuni zaidi cha sumu halisi ndani ya tembe za presha kinafaa kuelezwa kwa utulivu, kwa sababu kinafundisha mambo mawili kwa pamoja.

Julai 2018, Shirika la Dawa la Ulaya lilitangaza kuondolewa madukani kwa tembe nyingi za valsartan. Dawa hiyo ni ya kundi moja na losartan, inayotumiwa sana hapa nchini. Kiini chake kilitengenezwa na kampuni ya Zhejiang Huahai ya China, na kampuni nyingi za dawa duniani zilikinunua hapo, zikakikandamiza kuwa tembe na kuweka majina yao kwenye pakiti. Ndani yake kulipatikana kemikali iitwayo NDMA, ya jamii ya nitrosamini, ambayo wataalamu wanaihesabu miongoni mwa vitu vinavyoelekea kusababisha saratani kwa binadamu. Wiki hiyohiyo na zilizofuata, nchi nyingine nyingi, Marekani ikiwemo, zilichukua hatua kama hiyo. Baadaye uchafu wa jamii hiyo ulipatikana pia katika baadhi ya matoleo ya losartan na irbesartan.

Hakuna aliyemwaga sumu kwenye pipa. Mwaka 2012 kiwanda kilibadilisha njia ya kupika kiini hicho ili kupata mazao mengi zaidi. Njia mpya ilitumia kiyeyushi ambacho kikivunjika hutoa kemikali nyingine ndogo, na pia ilitumia naitriti ya sodiamu, chumvi ileile inayowekwa kwenye soseji ili zisiharibike. Mbili hizo zikikutana katika hali inayofaa, NDMA huzaliwa. Wakaguzi hawakuwa wakiitafuta, kwa hiyo hawakuiona. Ilipita miaka sita.

Kiasi chake ni kidogo mno kwa jicho la kawaida. Kiwango ambacho Marekani ilikubali kwa siku ni nanogramu 96, na gramu moja ina nanogramu bilioni moja. Baadhi ya tembe zilizopimwa zilikuwa na zaidi ya mara 100 ya kiwango hicho. Hilo si jambo la kupuuzwa. Mamlaka ya Dawa na Chakula ya Marekani ilipiga hesabu ya hali mbaya kabisa: kama watu 8,000 wangemeza valsartan yenye uchafu huo kwa kipimo cha juu cha miligramu 320 kila siku kwa miaka minne, huenda mtu mmoja zaidi kati yao angepata saratani katika maisha yao yote.

Somo la pili la kisa hiki halikutangazwa sana redioni. Mamlaka hiyo, katika tangazo lilelile la kuondoa dawa, iliwaambia wagonjwa waendelee kumeza tembe zao hadi watakapopewa mbadala. Wengi walishangaa. Vipi mtu aambiwe tembe ina uchafu wa saratani, kisha aambiwe aimeze? Hesabu ndiyo iliyojibu. Hatari ya uchafu ilikuwa ndogo na ya miaka mingi, ilhali hatari ya presha iliyoachwa bila dawa ni ya wiki na miezi. Katika jimbo la Ontario nchini Canada, watafiti walifuatilia wagonjwa zaidi ya 50,000 waliokuwa wakitumia tembe zilizoondolewa, na wakaona kwamba mara tu baada ya tangazo, idadi ya waliokimbizwa idara ya dharura kwa sababu ya presha iliongezeka. Habari ya sumu iliwadhuru baadhi yao kwa njia ambayo sumu yenyewe haikuwa imefanya.

Kwa mkazi wa kaunti, kisa hiki kina swali la vitendo. Dawa haiondolewi madukani kwa jina lake pekee. Huondolewa kwa jina la kampuni na nambari ya bechi, ile safu ya herufi na tarakimu iliyochapwa pembeni mwa pakiti karibu na tarehe ya mwisho ya matumizi. Mgonjwa anayenunua tembe kumi zilizokatwa na kutiwa kwenye bahasha ndogo ya kaki, iliyoandikwa kwa kalamu "1x1", hana njia ya kujua kama zake zimo kwenye tangazo au hazimo. Hajui hata ni dawa gani. Anayenunua kidogo kidogo kwa sababu ya pesa, na wako wengi, ana haki ya kumwomba mwuzaji amwandikie jina la dawa, nguvu yake, nambari ya bechi na tarehe. Ni dakika moja ya kalamu.

Sumu inayochanganywa nyumbani

Visa vya kiwandani ni nadra. Madhara mengi huanzia kwenye meza ya nyumbani, pale tembe halali za presha zinapokutana na kitu kingine halali. Mfano mmoja unastahili kuelezwa kwa kirefu kwa sababu unatokea katika karibu kila kijiji.

Chukua mzee wa miaka 65 anayemeza enalapril na dawa ya maji. Presha yake imetulia. Magoti yanamuuma, kwa hiyo anapita kwenye kemisti na kununua diclofenac au ibuprofen, bila cheti cha daktari, kwa bei ya kikombe cha chai. Anazimeza wiki moja, anapata nafuu, anarudi kununua nyingine. Baada ya mwezi amevimba miguu, mkojo umepungua, na hamu ya kula imekwisha. Familia inasema tembe za presha zimemharibu figo.

Kilichotokea ni hiki. Figo ni kichujio. Damu huingia kwenye kila chujio dogo kwa mrija mmoja na kutoka kwa mwingine, na uchujaji hutegemea msukumo uliopo kati ya mirija hiyo miwili. Enalapril, na vilevile losartan, hulegeza mrija wa kutokea. Kwa kawaida hilo ni zuri, maana huipunguzia figo mzigo. Dawa ya maji hupunguza kiasi cha maji mwilini. Mwili hujibu kwa kuuweka wazi mrija wa kuingilia. Sasa diclofenac inakuja na kuufinya mrija huo wa kuingilia. Mlango wa mbele umebanwa, wa nyuma umeachwa wazi, na maji yenyewe ni machache. Msukumo unaisha, uchujaji unasimama. Kila dawa peke yake ingevumilika. Tatu pamoja ndizo zinazoangusha figo, na haraka zaidi kwa mzee, kwa mwenye kisukari, au kwa aliyekuwa akiharisha siku mbili.

Ndiyo maana mgonjwa wa presha mwenye maumivu huanza na paracetamol kwa kipimo cha kawaida, na akihitaji kitu cha nguvu zaidi huuliza kwanza. Kuna jambo jingine linalosahaulika. Ibuprofen, diclofenac na jamaa zao hupandisha presha zenyewe. Mgonjwa anayeongezewa tembe kila kliniki bila presha kushuka huenda anahitaji kuulizwa kuhusu magoti yake kabla ya kuongezewa ya nne.

Kuharisha au kutapika sana nako kuna hesabu yake. Anayetumia enalapril, losartan au dawa ya maji, akishikwa na kuharisha kukali kiasi cha kushindwa kushika maji, aende au apige simu kituo cha afya siku hiyohiyo aulize kama kuna tembe ya kusimamishwa kwa muda hadi mwili upate maji. Uamuzi huo ni wa mhudumu, na ni wa siku chache tu.

Potasiamu ni hatari nyingine isiyoonekana. Enalapril na losartan huizuia isitoke mwilini. Spironolactone huizuia zaidi. Zikitumiwa pamoja bila kupimwa damu, potasiamu inaweza kupanda hadi moyo ukapoteza mpigo wake, na mara nyingine bila dalili ya kutangulia. Wapo pia wanaonunua chumvi mbadala wakidhani wanajisaidia. Nyingi ya chumvi hizo ni potasiamu, kwa hiyo lebo isomwe au aulizwe mfamasia. Upande mwingine, dawa ya maji hupoteza potasiamu na sodiamu, na mkakamao wa misuli usiku, kizunguzungu na udhaifu ni dalili za kuripotiwa badala ya kuvumiliwa.

Kipimo cha damu cha figo na potasiamu ndicho kinachofichua haya mapema. Hufaa kufanywa kabla ya kuanza dawa hizo na tena wiki moja au mbili baadaye. Kuandika hivyo ni rahisi kuliko kufanya, hasa kwa anayeishi mbali na hospitali yenye maabara na nauli ikiwa ni ya kuazima. Hata hivyo, kama kuna safari moja ya hospitali inayostahili kupangiwa bajeti mwaka huu, kwa mgonjwa anayetumia dawa hizi ni hiyo.

Kliniki mbili, tembe moja

Mgonjwa huhudhuria zahanati ya serikali, halafu siku dawa zinapokosekana huenda kwa kliniki ya binafsi mjini. Anarudi na pakiti mbili zenye rangi tofauti na majina tofauti. Ndani huenda mna dawa moja ileile, na sasa anaimeza mara mbili. Au mna enalapril katika moja na losartan katika nyingine. Kuchanganya makundi hayo mawili kulifikiriwa zamani kuwa wazo zuri, hadi utafiti mkubwa wa mwaka 2008, uliohusisha zaidi ya watu 25,000 katika nchi nyingi, ulipoonyesha kwamba waliomeza dawa za makundi yote mawili pamoja hawakupata faida ya ziada, ila walipata madhara zaidi, ya figo yakiwemo.

Jina la kuangalia ni lile dogo, la dawa yenyewe, lililoandikwa chini ya jina kubwa la kampuni. Pakiti mbili zenye jina dogo moja ni dawa moja.

Tembe ya kuazima ni hatari ya aina yake. Atenolol na propranolol hupunguza kasi ya moyo na huweza kubana njia za hewa. Zikimezwa na mwenye pumu zinaweza kumkata pumzi. Nifedipine ya kufanya kazi haraka, ikivunjwa na kuwekwa chini ya ulimi ili "kushusha presha upesi", inaweza kuishusha ghafla kiasi cha kuunyima ubongo au moyo damu. Madaktari wameonywa dhidi ya tabia hiyo tangu miaka ya 1990, lakini bado inafanywa majumbani kwa nia njema, mara nyingi na mtoto aliyeona mama yake ana 190. Namba kubwa bila dalili yoyote inahitaji kupumzika dakika chache, kupimwa upya na kwenda kituo cha afya. Namba kubwa yenye maumivu ya kifua, mdomo kupinda, mkono kulegea, kuchanganyikiwa au kushindwa kupumua inahitaji gari mara moja, na si tembe ya jirani.

Mama mjamzito

Hapa hakuna nafasi ya kubahatisha. Enalapril, losartan na dawa zote za makundi hayo mawili zinaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, hasa kuanzia mwezi wa nne. Figo za mtoto hushindwa kufanya kazi, maji ya uzazi hupungua, mapafu na mifupa ya fuvu hukosa kukomaa, na mtoto anaweza kufa. Tembe ileile inayomlinda mama asipate kiharusi ndiyo inayomwumiza mwanawe.

Mwanamke anayetumia dawa hizo na anapanga kupata mtoto aseme kliniki kabla ya kushika mimba. Aliyekosa siku zake akiwa anazitumia asingoje tarehe ya kliniki. Aende siku hiyo au inayofuata ili abadilishiwe. Zipo dawa zilizotumika kwa wajawazito miaka mingi: methyldopa, labetalol na nifedipine ya kufanya kazi polepole. Methyldopa nayo ina tabia zake, kama uchovu na usingizi, na mara chache hudhuru ini, kwa hiyo macho yakigeuka manjano apelekwe hospitali.

Asichofanya ni kuacha dawa na kukaa nyumbani kimya. Presha ya ujauzito inaweza kugeuka kifafa cha mimba. Kichwa kuuma sana, macho kuona nyota, maumivu juu ya tumbo upande wa kulia na uso kuvimba ni dalili za kwenda hospitali usiku huohuo.

Midomo kuvimba, na mambo madogo yanayoweza kubadilishwa

Dhara moja la enalapril linatuhusu Waafrika zaidi kuliko watu wengine. Midomo, ulimi au koo huvimba ghafla, na njia ya hewa inaweza kuzibika. Hutokea kwa watu wachache, lakini kwa watu wa asili ya Kiafrika huwa mara kadhaa zaidi. Linaweza kutokea wiki ya kwanza, au baada ya mwaka mzima wa kumeza bila shida, na hapo watu hulaumu samaki au dagaa waliokula jana. Aliyewahi kuvimba hivyo asipewe tena enalapril wala dawa nyingine ya kundi hilo, na jambo hilo liandikwe kwa herufi kubwa kwenye kadi yake.

Mengine ni ya usumbufu. Kikohozi kikavu kisichoisha ni cha enalapril, na wapo waliotibiwa kifua miezi mingi bila mtu kuuliza wanameza nini. Miguu kuvimba kwenye vifundo ni kawaida kwa amlodipine. Wanaume wengine hupungukiwa nguvu wakitumia dawa ya maji, atenolol au spironolactone, ambayo pia inaweza kuwavimbisha matiti. Maneno ya sokoni kuhusu jambo hili, basi, yana chembe ya ukweli, ingawa presha yenyewe na kisukari huharibu nguvu hizo zaidi. Kinachofaa kujulikana ni kwamba makundi ya dawa za presha ni mengi, na kubadilishiwa si aibu wala si kumkosea daktari. Mwanamume anayenyamaza na kuacha tembe kimyakimya ndiye anayepotea.

Tena kuacha ghafla kuna hatari yake. Clonidine ikikatwa kwa siku moja au mbili, presha inaweza kuruka juu kuliko ilivyokuwa mwanzo. Atenolol ikikatwa ghafla kwa mtu mwenye ugonjwa wa moyo inaweza kuleta shambulio la moyo. Dawa hizi hupunguzwa hatua kwa hatua, na mhudumu ndiye anayepanga hatua hizo.

Miti shamba

Si haki kusema kwamba mizizi haina nguvu. Reserpine, mojawapo ya dawa za kwanza za presha kutumiwa kote duniani, ilitolewa mwaka 1952 kwenye mzizi wa mti wa Rauvolfia, uliokuwa ukitumiwa India kwa karne nyingi. Ilishusha presha, na kwa vipimo vikubwa ilihusishwa na huzuni nzito. Yaani mzizi ulikuwa na tiba na madhara yake pamoja, kama tembe. Tofauti ni kwamba tembe ya miligramu 5 ni miligramu 5 leo na kesho, ilhali kikombe cha mzizi uliochemshwa hakina kipimo. Mizizi mingine, kama wa likorisi, hupandisha presha badala ya kuishusha.

Poda inayouzwa sokoni kwa ahadi ya kuponya presha, kisukari na viungo kwa pamoja ishukiwe hasa ikifanya kazi haraka mno. Katika nchi nyingi, poda za namna hiyo zimepimwa na kukutwa na dawa za hospitali zilizosagwa ndani yake. Anayetumia dawa za kienyeji awaambie wahudumu bila kuogopa kukemewa, na mhudumu anayekemea anajinyima habari anayoihitaji.

Kabla ya kliniki ijayo

Kila kinachomezwa nyumbani kitiwe kwenye mfuko mmoja na kupelekwa kliniki: tembe za presha, za kisukari, za maumivu, za kuazima, poda, na pakiti tupu. Mhudumu anayeviona mezani hugundua mengi ambayo mgonjwa asingekumbuka kuyataja. Wahudumu wa afya ya jamii wanaotembelea nyumba kwa nyumba wana mashine za kupima presha, nao wanaweza kusaidia kupanga mfuko huo kwa mzee anayeishi peke yake.

Dawa inunuliwe kwenye duka lenye cheti cha usajili kilichobandikwa mahali pa kuonekana. Tembe iliyobadilika rangi, inayovunjika yenyewe, au iliyo kwenye pakiti yenye jina lililokosewa herufi irudishwe dukani. Isitunzwe juu ya jiko wala dirishani penye jua.

Aliyepata madhara anaweza kuyaripoti kwa Bodi ya Famasia na Sumu kupitia mhudumu wa kituo chochote cha afya, au yeye mwenyewe. Haimlazimu awe na hakika kwamba ni dawa iliyomdhuru. Ripoti huhitaji jina la dawa, kampuni iliyoitengeneza, nambari ya bechi, siku alipoanza kuimeza na kilichotokea, kwa hiyo pakiti ya zamani isitupwe kabla ya mpya kumalizika.